Samaki wa madimbwi ya msimu: kiumbe ambaye sheria humtafuta wakati hayupo

Mwezi Julai 2025, nchi wanachama wa Mkataba wa Ramsar unaohusu hifadhi ya maeneo oevu duniani zilikutana Victoria Falls, Zimbabwe. Mikutano ya aina hiyo kwa kawaida huelekeza macho kwenye maeneo makubwa: mito, maziwa, mikoko, mabonde yanayoonekana hata kwenye picha za setilaiti. Lakini katika nchi hiyo hiyo, mwaka 1968, kwenye eneo la Gonarezhou karibu na mpaka wa Msumbiji, alivuliwa katika dimbwi la mvua samaki mdogo wa urefu wa kidole, ambaye baadaye alipewa jina la kisayansi la Nothobranchius furzeri. Kizazi cha samaki kutoka eneo hilo kinaishi hadi leo katika maabara za Ujerumani na Marekani, ambako watafiti humtumia kuchunguza jinsi mwili unavyozeeka. Huko anatunzwa, analishwa na kuhesabiwa.

Ndugu zake waliobaki porini hawana bahati hiyo. Wengi wao wako katika nchi jirani za Tanzania na Kenya. Spishi za ukoo huu zinazojulikana zimepita 90, zimetapakaa kutoka Sudan hadi Afrika Kusini, na Tanzania ndiyo yenye spishi nyingi kuliko nchi nyingine yoyote. Zaidi ya nusu ya spishi hizo zimewekwa na Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Mazingira, IUCN, katika madaraja ya viumbe walio hatarini kutoweka. Sababu zinafahamika: kilimo, ujenzi, mabwawa, dawa za mashambani. Jambo lisilozungumzwa sana ni kwamba sehemu kubwa ya uharibifu huo inaweza kufanyika bila mtu yeyote kuvunja sheria, kwa kuwa sheria hulinda maji, ilhali samaki huyu hutumia muda mwingi wa uhai wake akiwa ndani ya udongo mkavu.

Maisha yake ni ya haraka kupita kiasi. Mvua za vuli au za masika zinapojaza bonde dogo la udongo mweusi, mayai yaliyokuwa yamelala ardhini kwa miezi mingi huanguliwa katika muda wa saa chache. Vifaranga hula viumbe wadogo mno wa majini, kisha mabuu ya wadudu, na hukua kwa kasi isiyo na mfano miongoni mwa wanyama wenye uti wa mgongo. Utafiti uliofanywa Msumbiji na kuchapishwa mwaka 2018 ulionyesha kuwa N. furzeri wa porini anaweza kufikia umri wa kuzaa siku 14 tu baada ya kuanguliwa. Dume huvaa rangi kali, nyekundu, buluu au manjano, kwa namna inayotofautiana kutoka spishi moja hadi nyingine. Jike hubaki na rangi ya kahawia au ya kijivu iliyofifia. Jike hutaga mayai kila siku, moja moja, nayo huzikwa katika tope la chini. Baada ya wiki kadhaa, au miezi michache mvua ikiwa nzuri, maji hukauka na samaki wote waliomo hufa.

Kinachosalia ni mayai. Ganda lake ni gumu, na kiinitete kilichomo ndani kinaweza kusimamisha ukuaji wake katika hatua tatu tofauti, kikasubiri. Tena mayai ya tumbo moja hayaamki yote kwa pamoja. Baadhi huwa tayari kwa mvua ya kwanza, mengine huendelea kulala, pengine hadi msimu unaofuata. Mkulima wa maeneo yenye mvua za kubahatisha ataielewa hesabu hii bila kufafanuliwa: asiyemaliza mbegu zake zote kwa mvua ya kwanza hubaki na akiba mvua hiyo ikikatika. Ni kwa njia hiyo samaki hawa wameweza kuishi mahali ambapo samaki mwingine asingethubutu kukaa.

Jambo la pili la kuzingatia ni udongo wenyewe. Si kila shimo lenye maji ya mvua linamfaa. Huhitaji udongo wa mfinyanzi mweusi, ule unaonata miguuni wakati wa masika na kupasuka nyufa ndefu wakati wa kiangazi. Nchini Tanzania wengi huuita udongo wa mbuga. Udongo huo hushika maji muda wa kutosha, na ukikauka huyahifadhi mayai katika unyevu na hewa vinavyohitajika. Shimo la jirani lenye udongo mwekundu laweza kujaa maji yale yale kutokana na mvua ile ile, lakini mara nyingi halitakuwa na samaki hata mmoja. Kwa hiyo spishi inayoonekana kwenye ramani kana kwamba imeenea katika wilaya nzima, kwa kweli huishi katika vipande vidogo vilivyotawanyika, kimoja hapa na kingine kilomita kadhaa mbele. Kipande kikifukiwa, samaki wake hawana mto wa kukimbilia.

Na hapa ndipo sheria inapopoteza njia. Mkataba wa Ramsar wenyewe hauna kasoro katika jambo hili. Tafsiri yake ya eneo oevu inataja waziwazi maji ya kudumu na ya muda, ya asili na ya kutengenezwa na binadamu. Mwaka 2002, katika mkutano uliofanyika Valencia, Uhispania, nchi wanachama zilipitisha azimio maalumu kuhusu madimbwi ya muda, likieleza jinsi ya kuyatambua, kuyasimamia na kuyaingiza katika orodha ya maeneo yenye umuhimu wa kimataifa. Uganda ilikuwa mwanachama tangu 1988, Kenya tangu 1990, Tanzania tangu 2000. Kwa maandishi, basi, dimbwi la shambani lina hadhi sawa na ziwa.

Katika utekelezaji wa kila siku hali ni tofauti. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye kingo za mto, ziwa la asili, bahari au bwawa. Ni kifungu kizuri, na kimeokoa kingo nyingi. Lakini dimbwi linalotokea Novemba na kutoweka Februari lina ukingo gani? Afisa mwenye futi ya kupimia angeianza wapi hesabu yake? Kenya nayo ina sheria yake ya mwaka 1999, na kama Tanzania, inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya kuanza. Wataalamu wa tathmini wakienda uwandani wakati wa kiangazi, barabara zinapopitika, watakuta uwanda mkavu wenye nyufa, ng'ombe wawili watatu na nyasi zilizoungua. Wataandika kuwa hakuna samaki, na watakuwa wameandika ukweli wa siku hiyo. Spishi nzima yaweza kuwa chini ya viatu vyao.

Mfano ulio dhahiri kuliko yote uko Kwale, pwani ya kusini ya Kenya. Katika msitu wa serikali wa Gongoni, wanasayansi walimtambua katika miaka ya karibuni samaki wa ukoo huu ambaye anaishi katika maji ya msimu yaliyo ndani ya msitu, chini ya kivuli cha miti. Hilo ni jambo la ajabu, kwa sababu ndugu zake karibu wote ni samaki wa nyanda za wazi zenye jua. Wakamwita Nothobranchius sylvaticus, yaani wa msituni. Kwa kadiri inavyojulikana, hapatikani mahali pengine popote duniani. Misitu ya pwani ya Kenya imepungua na kubaki vipande vidogo vilivyozungukwa na mashamba na makazi, na Gongoni ni kimojawapo cha vipande hivyo.

Msitu huo una ulinzi wa kisheria kama msitu. Miti yake ina mwenyewe, na mkata miti akishikwa anajua kosa lake. Maji yake hayako katika nafasi hiyo. Mti mkubwa ukianguka, kivuli hupungua na joto la dimbwi hubadilika. Njia ya maji ikizibwa nje ya mpaka wa msitu, kwenye shamba la mtu mwenye hati halali, dimbwi lililo ndani laweza kukosa kujaa. Ulinzi unaoishia kwenye vigingi vya mpaka hautoshi kwa kiumbe anayetegemea mahali maji yanakotoka. Kati ya habari zote za samaki hawa, hii ya Gongoni ndiyo inayostahili kushughulikiwa kwanza, kwa sababu hapo kosa moja halina pa kusahihishiwa.

Nchini Tanzania mizani ni ngumu zaidi, kwa sababu upande wa pili kuna chakula na umeme. Bonde la Kilombero, lenye spishi iliyopewa jina la bonde hilo, Nothobranchius kilomberoensis, liliorodheshwa chini ya Ramsar mwaka 2002. Miaka minane baadaye, bonde hilo hilo likawa miongoni mwa maeneo yaliyolengwa na mpango wa kukuza kilimo kusini mwa nchi, SAGCOT, uliozinduliwa mwaka 2010. Mpunga na miwa hupenda ardhi ile ile anayoipenda samaki huyu: tambarare, nyeusi, yenye kushika maji. Hakuna hila yoyote hapo. Mkulima na samaki wamechagua shamba moja.

Ingetarajiwa kwamba mpunga, ambao hukaa majini, ungemfaa samaki. Wakati mwingine inakuwa hivyo. Jaruba la mkulima mdogo anayetegemea mvua, linalojaa msimu mmoja na kukauka kabisa msimu unaofuata, laweza kuwa makazi mazuri ya samaki wa msimu. Kilimo cha umwagiliaji ndicho kinachobadilisha mambo. Mfereji huleta maji mwaka mzima, na pamoja na maji huja kambale na perege, ambao humla samaki huyu mdogo bila taabu. Zaidi ya hayo, mayai yake mengi yanahitaji kipindi cha ukavu ili yakomae ipasavyo. Kwa maneno mengine, maji yasiyokatika humuua. Ni vigumu kumweleza mbunge au mfadhili kwamba kuna samaki anayeangamizwa kwa kupewa maji, na huenda ugumu huo umechangia kuwafanya samaki hawa wasahaulike kwenye mipango. Tatizo hilo hilo linagusa malambo yanayochimbwa kwa ajili ya mifugo, ambayo kwa mfugaji ni neema isiyo na shaka. Nchini Kenya, eneo la Ahero karibu na Kisumu, linalojulikana kwa skimu yake ya umwagiliaji wa mpunga, ndilo pia nyumbani kwa spishi iliyopewa jina rasmi mwaka 2019 tu, N. derhami.

Kisha kuna Rufiji. Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115 lilianza kujazwa maji Desemba 2022, na mtambo wake wa kwanza ukaanza kuzalisha umeme mwanzoni mwa mwaka 2024. Bwawa hilo lilikuwa na mjadala mrefu kuhusu tembo, faru, misitu na hadhi ya Selous kama urithi wa dunia. Samaki wa madimbwi hawakupata nafasi kubwa katika mjadala huo, ijapokuwa Rufiji ya chini ni miongoni mwa maeneo yanayojulikana zaidi kwa samaki hao, akiwemo Nothobranchius eggersi, mmoja wa samaki warembo kuliko wote wa ukoo huu. Ziwa lililoundwa nyuma ya ukuta limefunika nyanda za chini ambazo zamani zilikuwa na msimu wa mvua na msimu wa ukavu. Sasa zina msimu mmoja tu. Chini ya ukuta, mafuriko ya kila mwaka, yaliyokuwa yakitanuka kwenye bonde na kuacha madimbwi nyuma yake, sasa yanategemea kwa kiasi fulani namna mitambo inavyoendeshwa. Umeme huo Tanzania iliuhitaji, na hakuna mtu mwenye akili timamu anayeweza kudai ukuta uvunjwe kwa ajili ya samaki wa urefu wa kidole. Lakini kati ya kuvunja ukuta na kutofanya lolote kuna mambo mengi, na la kwanza ni kuyahesabu madimbwi ya bonde la chini yaliyobaki.

Tanzania ina funzo lake lenyewe kuhusu mradi wa umeme na kiumbe mdogo. Chura wa Kihansi aligunduliwa mwaka 1996, wakati ujenzi wa mradi wa umeme wa Kihansi wenye megawati 180 ulikuwa tayari umeanza. Chura huyo aliishi kwenye eneo dogo sana lililokuwa likilowanishwa na manyunyu ya maporomoko. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo, manyunyu yalipungua. Mwaka 2000 chura wapatao 500 walipelekwa Marekani kufugwa, hatua ambayo wakati huo ilizua maswali mengi nchini, hata mzaha. Mwaka 2009 alitangazwa kuwa ametoweka porini. Waliozaliwa Marekani walirudishwa Dar es Salaam mwaka 2010, na mwaka 2012 wakaanza kuachiliwa tena Kihansi, ambako mabomba ya kunyunyizia maji yalikuwa yamewekwa kuchukua nafasi ya maporomoko.

Gharama ya juhudi hizo zote ilitokana na jambo moja: chura alijulikana baada ya mradi kuanza. Samaki wa madimbwi wako katika hatari ya kurudia historia hiyo, kwa tofauti moja inayowafanya wawe wanyonge zaidi. Chura wa Kihansi alikuwa na mahali pake pamoja penye jina, na penye mhusika mmoja wa kuulizwa. Samaki hawa hawapotezi makazi yao kwa mradi mmoja mkubwa. Hupotea kwa matuta ya mpunga hapa, tanuri la matofali pale, kiwanja cha nyumba kwingine, na hakuna hata moja kati ya hayo lililo kubwa kiasi cha kuhitaji tathmini yoyote.

Hilo linaonekana kwa uwazi karibu na Dar es Salaam. Nyanda za mabondeni kusini na magharibi mwa jiji, kuelekea Ruvu na Mbezi, zimetoa spishi kadhaa zilizoelezwa kisayansi katika karne iliyopita. Jiji hilo ni miongoni mwa yanayokua kwa kasi kubwa barani Afrika, na viwanja vinapimwa hadi mahali ambapo miaka 30 iliyopita palikuwa na mpunga na vyura. Anayenunua kiwanja bondeni humwaga kifusi kwanza. Anafanya hivyo kwa sababu hataki nyumba yake iingiliwe na maji, na hakuna wa kumlaumu.

Upande wa Unguja, Nothobranchius guentheri ana historia ndefu zaidi katika vitabu. Alielezwa mwaka 1893. Ni samaki wa mabonde ya kisiwa, hayo hayo yanayolimwa mpunga. Habari yake ina jambo jingine linalostahili kutajwa. Mabuu ya mbu ni chakula chake, na watafiti wamewahi kupendekeza samaki wa aina yake watumike kudhibiti mbu katika madimbwi yanayokauka, mahali ambapo samaki wengine wanaotumiwa kwa kazi hiyo hufa maji yanapokwisha. Wazo hilo lina mvuto, ingawa linataka tahadhari: kuchukua spishi ya bonde moja na kuipeleka bonde jingine ni njia rahisi ya kuipoteza ya pili. Kwa afya ya jamii, lililo jema zaidi ni kumwacha kila samaki afanye kazi katika dimbwi lake mwenyewe, na kutolijaza dimbwi hilo dawa zinazomuua pamoja na mbu.

Uganda nayo haimo nje ya habari hii. Nothobranchius ugandensis amebeba jina la nchi, na mwaka 2021 spishi nyingine, N. elucens, ilielezwa kutoka mfumo wa mto Achwa, kaskazini. Kusini zaidi, katika mabonde ya Lufira na Luapula, kwenye eneo la Katanga nchini Kongo ambako Kiswahili kinasemwa nyumbani na migodini, kuna spishi zake pia. Kaskazini mwa Tanzania, mto Grumeti na mito midogo ya jirani inayoingia Ziwa Victoria ilitoa mwaka 2020 samaki aliyepewa jina la mtangazaji wa Uingereza, David Attenborough. Sehemu ya makazi yake iko ndani ya Serengeti. Watalii wanaokuja kuwatazama nyumbu wakivuka mto hupita kando ya madimbwi hayo bila kugeuza shingo, na kwa samaki huyo kutotazamwa ndani ya hifadhi ni heri kubwa.

Majina yenyewe yanasema kitu. Wengi wa samaki hawa wamepewa majina ya wafugaji na wakusanyaji kutoka Ulaya, watu waliokuja na nyavu ndogo na mifuko ya plastiki, wakarudi na mayai. Kuwadharau watu hao si haki, kwani sehemu kubwa ya yanayojulikana leo kuhusu samaki hawa yalianza kwao, na spishi kadhaa zinaendelea kufugwa ndani ya vioo kwa subira yao. Hata hivyo, samaki aliyezalishwa kwenye vioo kwa vizazi vingi hubadilika, na akirudishwa lazima pawepo na dimbwi la kumpokea. Kuna pia suala la haki. Itifaki ya Nagoya, iliyoanza kutumika mwaka 2014, inazitaka nchi kukubaliana jinsi ya kugawana manufaa yanayotokana na viumbe vyao. Jenomu ya N. furzeri ilichapishwa mwaka 2015, na tafiti za uzee zinazomtegemea zinaendelea. Samaki wengine wa ukoo huu wanaishi muda mrefu zaidi, na tofauti hizo ndizo wanasayansi wanazozitafuta. Nchi inayofukia madimbwi yake kabla ya kuyaorodhesha inakwenda kwenye meza ya mazungumzo hayo mikono mitupu.

Juu ya yote hayo pana hali ya hewa. Kati ya mwisho wa mwaka 2020 na mwanzo wa 2023, misimu mitano mfululizo ya mvua ilishindwa katika maeneo makubwa ya Pembe ya Afrika, yakiwemo ya kaskazini na mashariki mwa Kenya. Kisha yakaja mafuriko ya El Niño. Samaki wa madimbwi wamezoea ukame, lakini akiba ya mayai ina kikomo. Hatari mbaya kwao ni mvua ya uongo: inayonyesha kwa nguvu, ikaamsha mayai mengi, kisha ikakatika kabla samaki hawajafika umri wa kutaga. Kila mvua ya aina hiyo hupunguza akiba iliyo ardhini. Dimbwi lenye akiba kubwa linaweza kuvumilia hasara hiyo mara mbili au tatu, ilhali lililobaki nusu baada ya trekta kupita halina uvumilivu huo.

Yapo yanayowezekana bila fedha nyingi. Samaki hawa hawadai hifadhi kubwa ya taifa. Eneo la ukubwa wa uwanja wa mpira, likiwa na udongo sahihi na maji yasiyozuiwa, laweza kuhifadhi kundi zima. Baadhi yao wanaishi kwenye mashimo ya kando ya barabara yaliyoachwa baada ya kuchimbwa kifusi, ushahidi kwamba kazi ya binadamu huweza kuwafaa pia. Mkandarasi akiagizwa kuacha shimo moja bila kulifukia, katika udongo unaofaa na nje ya makazi ya watu, hatapoteza chochote. Wanakijiji wanaopanga matumizi bora ya ardhi yao tayari hutenga eneo la malisho na la msitu. Kutenga bonde moja la maji ya msimu ni kuongeza mstari mmoja kwenye ramani ile ile.

La lazima zaidi ni tathmini kubadilishwa. Mamlaka za mazingira, NEMA nchini Kenya na NEMC nchini Tanzania, zinaweza kutaka kwamba mradi wowote kwenye nyanda za udongo mweusi za ukanda wa samaki hawa ukaguliwe angalau mara moja wakati wa mvua, wiki ya tatu au ya nne baada ya madimbwi kujaa, samaki wanapokuwa wakubwa na dume ameshavaa rangi zake. Na pale ratiba ya mradi isiporuhusu kusubiri, hata kiangazi kuna njia. Watafiti waliofanya kazi Msumbiji wamechimba udongo wa madimbwi makavu, wakauchekecha na kuyapata mayai yenye viinitete hai ndani yake. Kazi hiyo inahitaji jembe, ndoo, chekecheke na hadubini ya kawaida, vifaa ambavyo chuo chochote cha uvuvi katika ukanda huu kinavyo.